Hidaya ya Mwalimu: Ni Shukrani, Ujira au Rushwa?

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Kila mwaka zinapofika siku za mwisho za Ramadhani, au mtoto anapokaribia kuhitimu Msahafu, nyumba nyingi za pwani yetu hujiwa na suali moja: mwalimu apelekewe nini? Mmoja atasema kanzu, wa pili atasema fedha ndani ya bahasha, na wa tatu atanyamaza kwa kuwa hana cha kupeleka, akaona heri mtoto asiende chuoni mpaka sikukuu ipite. Huyu wa tatu ndiye khasa ninayemwandikia. Kwani mtoto akikosa darasa kwa ajili ya hidaya, basi ile hidaya iliyokusudiwa kumtukuza mwalimu imekuwa ukuta baina ya mtoto na Kitabu cha Mola wake.

Jambo hili si geni, ewe msomaji. Waislamu wamelizungumza tangu zama za Mtume (S.A.W.), na wanavyuoni wameliandikia vitabu zaidi ya miaka elfu iliyopita. Basi na tuitazame tarikh yake, tupate kujua wapi tumeshika njia na wapi tumepotoka.

Kwanza tupambanue mambo matatu ambayo hufanana kama watoto pacha. Kuna ujira, nao ni haki ya mwenye kufanya kazi kwa mapatano. Kuna hidaya, nayo ni kitu kitolewacho kwa mapenzi bila ya kudai badala. Na kuna rushwa, nayo ni kitu kitolewacho ili mtu apate kisichokuwa haki yake, au mwenziwe akoseshwe kilicho haki yake. Kanzu moja yaweza kuwa chochote katika hivi vitatu. Kitakachoipambanua ni nia ya mtoaji, hali ya mpokeaji, na wakati inapotolewa.

Tuanze Madina. Baada ya vita vya Badri, mwaka wa 2 Hijria (624), walikuwako mateka wa Kikureshi wasiokuwa na mali ya kujikombolea. Imepokewa kwamba wale waliojua kuandika waliwekewa fidia ya kuwafundisha watoto wa Ansari, na riwaya nyengine zinasema kila mmoja watoto kumi. Hapa kazi ya kufundisha ilihesabiwa kuwa ina thamani, hata ikamkomboa mtu shingo yake.

Tena iko hadithi ya Abu Said al-Khudri (R.A.), iliyomo katika Bukhari na Muslim. Masahaba walipita kwa kabila moja la Waarabu, wakanyimwa ugeni. Mara mkubwa wa kabila akaumwa na mdudu mwenye sumu, wakaja kuomba msaada. Sahaba mmoja alikubali kumsomea kwa sharti ya kupewa kondoo, akamsomea Alhamdu, na mgonjwa akainuka mzima. Wenziwe waliingiwa na shaka kuhusu wale kondoo, wasithubutu kuwagusa mpaka wamuulize Mtume (S.A.W.). Naye aliwaambia wagawane, na yeye wamtilie fungu lake, ili nyoyo zao zitulie. Na katika riwaya ya Ibn Abbas (R.A.) imo hoja ambayo wengi wa wanavyuoni wameishika, kwamba Kitabu cha Mwenyezi Mungu ni katika yanayostahiki zaidi kuchukuliwa ujira.

Lakini hapo hapo Madina iko habari ya Ubada bin Samit (R.A.). Yeye aliwafundisha kusoma Qur'ani na kuandika baadhi ya watu wa Suffa, nao ni wale mafakiri waliokuwa wakikaa katika msikiti wa Mtume. Mmoja wao akampa upinde. Ubada akaona kwamba upinde si fedha, na kwamba atautumia katika njia ya Mwenyezi Mungu. Hata hivyo alikwenda kuuliza, na jawabu lilikuwa zito: akipenda kuvikwa kola la moto, basi aupokee.

Msomaji atauliza, vipi kondoo wakubaliwe na upinde ukataliwe? Wanavyuoni wamejibu kwa njia mbali mbali. Wako waliosema kuwa isnadi ya hadithi ya upinde haina nguvu kama ile ya kondoo. Wako waliosema kuwa Ubada alianza kufundisha kwa ajili ya thawabu tu, basi akaonywa asiipoteze thawabu yake kwa kitu cha dunia. Na wako waliotazama hali ya mtoaji: watu wa Suffa walikuwa wakiishi kwa sadaka za Waislamu, na kuchukua kwa mtu wa namna hiyo si muruwa. Jawabu hili la mwisho tuliweke akilini, maana tutalihitajia tukirudi pwani.

Iko na hadithi ya tatu, nayo ndiyo mizani ya mambo haya. Mtume (S.A.W.) alimtuma mtu mmoja ajulikanaye kwa jina la Ibn Lutbiyya kukusanya zaka. Aliporudi alizigawa mali mafungu mawili, akasema hili ni lenu na hili nimepewa mimi hidaya. Mtume alipanda juu ya mimbari akalikemea jambo hilo mbele ya watu, akauliza kwa nini mtu huyo hakukaa nyumbani kwa baba yake na mama yake, akaona kama hidaya hiyo ingemfuata huko. Maana yake ni kuwa kilichopewa hidaya ni cheo, hakupewa mtu.

Khalifa Umar bin Abdul-Aziz, aliyetawala kutoka mwaka 99 hadi 101 Hijria (717 hadi 720), alilifahamu vizuri jambo hili. Alikataa hidaya alizoletewa akiwa khalifa, akaeleza kwamba katika zama za Mtume hidaya ilikuwa hidaya, na katika zama zake imekuwa rushwa. Lakini Umar huyo huyo, kama alivyopokea Abu Ubayd katika kitabu chake cha mali, aliwapeleka watu wawili kuwafundisha watu wa majangwani na akawapangia posho. Yazid bin Abi Malik aliipokea. Mwenziwe, al-Harith, aliikataa, akaona hapaswi kuchukua malipo juu ya elimu aliyopewa na Mola wake. Umar hakumlaumu aliyepokea, na akamwombea Mungu azidishe watu mfano wa yule aliyekataa. Tazama insafu hiyo! Mmoja amechukua haki yake, na wa pili amechukua daraja.

Na inasimuliwa kuhusu Imamu Abu Hanifa, aliyefariki mwaka 150 Hijria, kwamba mwanawe Hammad alipoijua Suratul-Fatiha, baba alimpelekea mwalimu dirhamu mia tano. Mwalimu alistaajabu kupewa mali yote hiyo kwa sura moja, na Imamu akamjibu kwamba lau angekuwa na zaidi angempa zaidi. Na ajabu yake ni kuwa madhehebu ya Imamu huyu hapo mwanzo hayakujuzisha ujira juu ya kufundisha Qur'ani, mpaka walipokuja wanavyuoni wake wa baadaye wakaujuzisha kwa kuchelea elimu isipotee. Imamu Malik na Imamu Shafi, ambaye sisi wa pwani wengi wetu tunamfuata, wao waliujuzisha tokea mwanzo.

Sasa twende Qayrawan, mji ulioko katika nchi ya Tunisia. Huko aliishi Muhammad bin Sahnun, aliyefariki mwaka 256 Hijria (870), mtoto wa yule Sahnun mkubwa wa madhehebu ya Maliki. Huyu aliandika kitabu kidogo juu ya adabu za walimu, akikusanya mengi aliyoyapokea kwa baba yake, nacho ni katika vitabu vya mwanzo kabisa vya Waislamu juu ya kazi ya mwalimu. Ukikisoma leo utadhani mwandishi amepita mtaani kwetu. Anasema mwalimu ana haki ya ujira wake, na mtoto akihitimu ana haki ya malipo ya khitma. Lakini haifai kuwatoza watoto kitu zaidi ya ujira, wala kuwatisha ili walete hidaya. Haifai kuwaachilia mapema siku wanapoleta kitu, kwa sababu kufanya hivyo ni kuwafundisha kununua ruhusa. Haifai kuwatuma watoto katika shughuli zake mwenyewe. Na amepokea riwaya yenye onyo kali kwa mwalimu asiyewafundisha sawasawa mtoto wa fakiri na mtoto wa tajiri, kwamba atafufuliwa pamoja na wenye kufanya khiyana.

Baada yake katika mji huo huo alitokea al-Qabisi, aliyefariki mwaka 403 Hijria (1012). Yeye aliitetea haki ya mwalimu kula kwa kazi yake. Hoja yake ni kuwa lau watu wangengojea wa kufundisha bure, wachache mno wangepatikana, na watoto wa Kiislamu wangekua hawaijui Qur'ani.

Kwa upande wa mashariki, Waziri Nizam al-Mulk alijenga madrasa kubwa Baghdad, ikafunguliwa mwaka 459 Hijria (1067), na walimu wakapangiwa mishahara kutokana na wakfu. Inasimuliwa kuwa wanavyuoni wa ng'ambo ya mto Amu waliposikia habari za madrasa hizo za mishahara waliililia elimu, wakihofia itafuatwa na wenye tamaa. Imamu Ghazali alisomesha katika madrasa hiyo tangu mwaka 484 Hijria, akaiacha mwaka 488, na baadaye katika Ihya akamnasihi mwalimu amfuate Mtume, asitake malipo wala shukrani. Na katika kitabu hicho hicho ameeleza kwa urefu namna ya kuipambanua hidaya na rushwa.

Hii ndiyo tarikh tuliyorithi. Na pwani yetu iliingia katika mlolongo huo. Kitabu cha Desturi za Wasuaheli, kilichochapwa Ujerumani mwaka 1903 kutokana na maandishi ya wenyeji, kimeeleza mambo ya chuoni ya wakati ule. Wazee wengi wanaikumbuka ada ya Alhamisi, senti chache zilizofungwa katika pembe ya leso. Wanakumbuka mtoto alivyopelekwa kwa mwalimu siku ya kwanza na ubao wake, na siku ya kuhitimu alivyopambwa na mwalimu akapewa chake. Walimu wengi walikuwa na kazi zao nyengine, kushona kofia, kulima, au kuuza duka dogo. Ada ilikuwa ndogo makusudi, asishindwe mtu. Na Riyadha ya Lamu, iliyoasisiwa na Habib Swaleh, imebaki na sifa ya kuwafungulia mlango wa elimu watu ambao wakubwa wa mji waliwadharau. Lau mlango ule ungepimwa kwa hidaya, wangapi wangeingia?

Lakini tuseme na kweli. Huko nyuma pia walikuwako walimu waliowachotesha watoto maji na kuwakatisha kuni mchana kutwa, na mzazi akiita hiyo ni radhi ya mwalimu. Ibn Sahnun alikwisha kulikataza jambo hilo karne nyingi kabla.

Basi, ewe mzazi, nini cha kufanya? Mwalimu wa skuli anayelipwa mshahara, naye ndiye atakayesahihisha mtihani wa mwanao, huyo hali yake ni ile ya mtumishi wa zaka. Jiulize suali la Mtume (S.A.W.): lau mwanangu hayumo katika darasa lake, ningempelekea kitu hiki? Ukiona hapana, basi kiache nyumbani. Mtihani ukisha kupita na mtoto ameondoka mikononi mwake, shukrani yako itakuwa safi, maana hapana tena cha kununua.

Mwalimu wa madrasa hali yake ni nyengine. Wengi wao hawana mshahara wa serikali. Wewe mzazi ndiye unayewatumikisha, na ukiwapa, hujamnyang'anya mtu wa tatu haki yake. Huyo mpe ujira wake kwanza, kwa mapatano, kila mwezi. Inasikitisha kumwona mtu analipia masomo ya ziada ya hesabu bila ya kunung'unika, kisha mwalimu wa Qur'ani anamwambia atalipwa na Mungu. Hidaya ya sikukuu haifuti deni la miezi sita.

Ujira ukisha kulipwa, hidaya ni jambo jema. Mtume (S.A.W.) ametuhimiza tupeane hidaya tupate kupendana. Ila ichunge adabu yake. Ipeleke wewe mwenyewe, usimbebeshe mtoto mbele ya wenziwe. Na ikiwezekana wazazi wachange kwa siri, kila mtu kwa kadiri yake, kikatolewa kitu kimoja kwa jina la wote.

Na wewe mwalimu, ndugu yangu katika kazi hii, usitaje hidaya darasani. Usimsifu aliyeleta, wala usimuulize ambaye hakuleta. Likumbuke lile jawabu la upinde wa Ubada: anapokuja mama mjane na sahani ya vitumbua aliyojinyima nayo wanawe, pokea kidogo asivunjike moyo, na kingine mrudishie kwa ulimi mzuri.

Ama wewe usiye na kitu, usimzuie mwanao kwenda chuoni. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kumlipa aliyetutendea wema, na tukikosa cha kumlipa, tumwombee dua mpaka tuone tumemlipa. Dua hiyo haiingii katika bahasha wala haipimwi mbele ya watu, na tajiri naye anaihitajia kuitoa kama wewe.

Mwenyezi Mungu awarehemu walimu wetu waliotangulia, awape riziki ya halali waliopo, na azisafishe nia zetu katika kutoa na kupokea. Amin.

Wabillahi Tawfiq.