Kamba wa Msumbiji: meli, bwawa na watu waliokimbia vita

Kamba, wale ambao watu wa Kinshasa wanawaita kosakosa, walikuwa mali kubwa ya Msumbiji wakati nchi hiyo ilikuwa vitani. Kuanzia 1977 hadi amani ya Oktoba 1992 mashamba yaliachwa, barabara zilitegwa mabomu, lakini baharini meli ziliendelea kuvua. Wajapani na Wahispania waliunda kampuni pamoja na serikali, na kwa miaka kadhaa kamba ndio walioongoza kuleta pesa za kigeni.

Wanavuliwa hasa mbele ya mdomo wa mto Zambezi, sehemu inayoitwa Benki ya Sofala. Kamba hutaga mayai baharini, lakini watoto wake hukulia kwenye mikoko, ile miti inayoota pale maji ya mto yanapochanganyika na ya chumvi. Mto ukifurika, wachanga husukumwa kwenda baharini, na huko nyavu zinawangoja.

Desemba 1974, Wareno wakiwa karibu kuondoka, bwawa la Cahora Bassa lilianza kujazwa. Tangu hapo maji ya mvua huzuiliwa kwa ajili ya umeme na kuachiliwa kidogo kidogo mwaka mzima. Watafiti walipolinganisha maji ya Zambezi na mavuno, waliona kwamba maji yakipungua, kamba nao hupungua.

Vita ilisukuma familia nyingi kuelekea pwani, maana huko kulikuwa na usalama kidogo. Mkulima akawa mvuvi. Asiye na mtumbwi alitega chicocota, wavu wa matundu madogo sana unaofungwa kwenye mkondo na kukamata hata kamba mdogo kama ukucha. Lawama zikawaangukia hao. Ni kweli wavu huo unaharibu, ila meli na bwawa vilitangulia.

Kenya ilizuia meli katika Ghuba ya Ungwana mwaka 2006, baada ya wavuvi wadogo kulalamika kwamba zinawakatia nyavu. 2011 ikaziruhusu tena kwa masharti. Tanzania nayo ilisimamisha zake mavuno yaliposhuka. Msumbiji ya vita isingeweza: pesa nyingine ingetoka wapi? Ahueni ilikuja mwaka 2000, kiwanda cha alumini kilipoanza kazi karibu na Maputo. Huko Sofala, meli na chicocota bado zinagombania kamba walewale, na kila mwaka serikali hufunga uvuvi kwa muda ili wachanga wakue.