Kermit (itifaki ya kuhamisha mafaili)

Kermit ni itifaki ya kuhamisha mafaili kati ya kompyuta mbili zilizounganishwa kwa waya au kwa laini ya simu, na pia ni jina la programu zinazoitumia itifaki hiyo. Ilibuniwa mwaka 1981 na Frank da Cruz na Bill Catchings katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York, Marekani. Programu ya Kermit ina kazi mbili: huifanya kompyuta ndogo iwe terminali ya kompyuta nyingine, na husafirisha mafaili kati ya hizo mbili huku ikikagua kila kipande. Sifa yake kuu si kasi. Ilitungwa kwa ajili ya laini mbovu na mashine zisizoelewana, na ndiyo maana ilifika mahali ambapo itifaki nyingine zilikwama.

Chimbuko

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wanafunzi wa Columbia walitumia kompyuta kubwa ya DECSYSTEM-20 kupitia terminali. Nafasi ya diski ilikuwa haba, na kila mmoja alipewa kiasi kidogo tu. Kituo cha kompyuta cha chuo kiliona nafuu ingepatikana kama mwanafunzi angeweza kuhifadhi kazi zake kwenye flopi yake mwenyewe, kwa kutumia kompyuta ndogo zilizoendeshwa na mfumo wa CP/M. Haikuwapo njia ya kuyatoa mafaili huku na kuyapeleka kule.

Chuo kilikuwa pia na kompyuta kubwa ya IBM, na vizuizi vilikuwa vingi. DECSYSTEM-20 ilitarajia herufi zinazopigwa na vidole vya mtu, kwa hiyo ilielemewa zikimiminwa mfululizo. IBM ilitumia jedwali la herufi la EBCDIC badala ya ASCII, na ilizungumza na kusikiliza kwa zamu. Biti ya nane ya kila baiti ilichukuliwa na ukaguzi wa pariti, na herufi nyingi za udhibiti zilimezwa njiani. Itifaki ya XMODEM, aliyoibuni Ward Christensen mwaka 1977, ilikuwa tayari inatumika kati ya kompyuta ndogo, lakini ilituma vipande vya baiti 128 na ilihitaji biti zote nane zipite salama. Kwenye laini za Columbia isingefika.

Jina lilitokana na Kermit, yule chura wa vikaragosi vya Muppets, ambaye picha yake ilikuwa kwenye kalenda iliyotundikwa ukutani. Lilitumiwa kwa idhini ya kampuni ya Henson.

Muundo wa pakiti

Kermit hugawa faili katika pakiti fupi. Katika toleo la awali urefu wa pakiti hauzidi herufi 94 au karibu na hapo, na isipokuwa alama ya kuanzia na ya kumalizia, kila kilichomo ni herufi ya kawaida inayoweza kuchapwa. Pakiti inayotangaza kwamba faili liitwalo BARUA.TXT linakuja huandikwa hivi, baada ya herufi ya udhibiti Ctrl-A inayofungua:

,!FBARUA.TXTL

Alama ya mkato ni urefu. Namba hujumlishwa na 32 ili iwe herufi inayochapika: herufi zinazofuata ni 12, 12 na 32 ni 44, na 44 katika ASCII ni alama ya mkato. Alama ya mshangao ni namba ya pakiti, yaani 1. F ni aina ya pakiti, nayo hubeba jina la faili. L ya mwisho ni hesabu ya ukaguzi, inayopatikana kwa kujumlisha thamani za herufi zote zilizotangulia, ukiacha Ctrl-A, na kuipunguza jumla hiyo hadi biti sita. Mpokeaji hufanya hesabu ileile upande wake. Akipata L, hujibu kwa pakiti ya aina ya Y, ambayo ni stakabadhi:

#!Y?

Hesabu ikikataa, hujibu kwa pakiti ya N na ile ya kwanza hutumwa upya. Jibu lisipokuja kwa muda uliowekwa, mtumaji hurudia mwenyewe. Mazungumzo yote hufuata mpangilio mmoja: S hufungua na kupatana masharti, F hutaja faili, D hubeba yaliyomo, Z hufunga faili na B hufunga safari nzima.

Herufi zisizoweza kupita hubadilishwa sura. Herufi ya udhibiti hutanguliwa na alama ya # na kugeuzwa herufi ya kawaida, hivyo ile inayorudisha mstari mwanzo huandikwa #M. Baiti yenye biti ya nane hutanguliwa na alama ya &. Herufi inayojirudia hufupishwa kwa alama ya ~, ili vistari 40 vilivyofuatana viwe ~H- tu.

Kasi

Katika Kermit ya awali kila pakiti ilisubiri stakabadhi kabla ya inayofuata kuondoka. Kwenye laini inayochelewesha, kama ya setilaiti, muda mwingi uliishia katika kungoja. Baadaye ziliongezwa pakiti ndefu, hadi herufi 9,024, na utaratibu wa kutuma pakiti kadhaa kabla ya stakabadhi ya kwanza kurudi. Hata hivyo programu nyingi za biashara ziliweka ndani yake Kermit ya awali tu, na sifa ya ukobe ikaganda.

Kasi ya waya wenyewe ni rahisi kukokotoa. Kwa kawaida baiti moja husafiri kwa biti 10, ukihesabu ya kuanza na ya kumaliza. Laini ya biti 9,600 kwa sekunde hupitisha baiti 960, kwa hiyo flopi ya kilobaiti 360 huchukua zaidi ya dakika 6 hata pasipo gharama ya pakiti. Kwa modemu ya biti 1,200 ingechukua dakika 51.

Matumizi kwenye kompyuta za zamani

Kompyuta mbili zilizo chumba kimoja huunganishwa kwa kebo ya RS-232 iliyopishanishwa: katika plagi ya pini 25, pini ya 2 ya upande mmoja huingia ya 3 ya upande wa pili na kinyume chake, na ya 7 huenda moja kwa moja. Katika Kermit ya MS-DOS mtumiaji huandika SET PORT COM1, kisha SET SPEED 9600, kisha CONNECT. Kuanzia hapo kioo chake ni terminali ya mashine ya mbali.

Kinachoonekana kiooni husaidia kutambua kasoro. Takataka tupu humaanisha kasi za pande mbili hazilingani. Maneno yanayosomeka nusu, yaliyochanganyika na alama ngeni, humaanisha pariti haikupatana, na dawa yake ni SET PARITY EVEN au namna nyingine iliyowekwa upande wa pili. Herufi zikidondoka hapa na pale, chanzo huwa kompyuta inayozidiwa: chipu ya 8250 katika PC za mwanzo ilishika baiti moja tu kwa wakati, ilhali 16550A iliyofuata inashika 16.

Kupeleka faili, mtumiaji huamuru Kermit ya mbali ipokee kwa RECEIVE, hurudi kwenye mashine yake kwa Ctrl-] ikifuatwa na C, kisha huandika SEND BARUA.TXT. Njia nyepesi zaidi ni kuiambia ya mbali SERVER; baada ya hapo amri zote, zikiwamo SEND, GET na FINISH, hutolewa upande mmoja.

Kosa linaloharibu mafaili mara nyingi ni kuchanganya maandishi na data. MS-DOS humaliza mstari kwa herufi mbili na Unix kwa moja, na Kermit hurekebisha tofauti hiyo inapodhani inasafirisha maandishi. Programu au picha ikitumwa kwa namna hiyo hufika ikiwa imechomekwa baiti zisizo zake. Amri ya SET FILE TYPE BINARY huzuia hilo.

Kufikisha Kermit ya kwanza

Kompyuta isiyo na programu ya kuhamisha mafaili haina njia ya kuipokea programu hiyo. Catchings alibuni muundo wa .BOO, ambamo kila baiti tatu huandikwa kwa herufi nne zinazochapika, hivyo programu nzima hupita kwenye laini kama maandishi. Upande wa pili mtumiaji alipiga kwa mkono programu fupi ya BASIC iliyoyageuza maandishi hayo kuwa programu tena. Watumiaji wa CP/M walipokea faili la HEX kwa amri ya PIP iliyokuja na mfumo, kisha wakaligeuza kwa LOAD.

Usambazaji na hali ya sasa

Columbia iliweka maelezo ya itifaki wazi na kusambaza programu pamoja na msimbo wake kwa kanda za sumaku. Watu wa vyuo na kampuni nyingi waliandika Kermit za mashine zao wenyewe. Ile ya MS-DOS ilikuzwa na Joe Doupnik wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Utah. Kitabu cha da Cruz kuhusu itifaki kilitoka mwaka 1987 kikiwa na dibaji ya Donald Knuth, na Kermit 95 ya Windows ikafuata mwaka 1995.

Intaneti ilipoenea, kazi ya kuhamisha mafaili ilihamia kwa FTP na njia nyingine zinazotegemea mtandao usiopoteza data. Columbia ilifunga mradi mwaka 2011, na C-Kermit, toleo la Unix, ikatolewa kwa leseni huria ya BSD. Bado hutumika na wanaofufua kompyuta za zamani, wakiunganisha laptopu na mashine ya CP/M kwa adapta ya USB, na pia na mafundi wa vifaa ambavyo mlango wake pekee ni waya wa RS-232.