Rangi sanisi za chakula: namna usalama wake unavyopimwa na kudhibitiwa

Tarehe 15 Januari, 2025, Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani (FDA) ilitangaza kufuta kibali cha erithrosini, rangi nyekundu inayotiwa katika peremende, keki na baadhi ya dawa za kumeza. Viwanda vya chakula nchini humo vilipewa hadi Januari 2027 kuiondoa, na watengenezaji wa dawa hadi Januari 2028.

Historia ya rangi sanisi ilianzia kwenye lami ya makaa ya mawe. Mwaka 1856, jijini London, kijana wa miaka 18 aitwaye William Henry Perkin alikuwa akijaribu kutengeneza kwinini akapata rangi ya zambarau ya kutia vitambaa. Leo malighafi yake kubwa ni mafuta ya petroli. Wazalishaji huzipendelea kwa kuwa ni nafuu, hazichujuki upesi na kiasi kidogo hutosha. Hata hivyo hazina lishe wala ladha. Kazi yake ni kuvutia jicho la mnunuzi, na ndiyo maana masharti yake yanastahili kuwa makali.

Upimaji wa kimataifa hufanywa na kamati ya pamoja ya wataalamu ya FAO na WHO, iitwayo JECFA, iliyoanza kazi mwaka 1956. Wataalamu hutafuta kwanza kiasi kisicholeta madhara kwa wanyama wa maabara, kisha kwa kawaida hukigawa kwa 100 ili kupata kiwango ambacho mtu anaweza kula kila siku maishani mwake. Kwa tatrazini, rangi ya njano, kiwango hicho hakizidi miligramu 10 kwa kila kilo ya uzito wa mwili. Kwa erithrosini ni miligramu 0.1 tu. Hivyo mtu mzima wa kilo 60 asizidishe miligramu 6 za erithrosini kwa siku, na mtoto wa kilo 15 asizidishe miligramu 1.5. Mwili mdogo hufikia kikomo mapema, na walaji wakubwa wa peremende ni watoto.

Kufutwa kwa erithrosini kulitokana na sheria ya Marekani ya mwaka 1960, inayokataza rangi yoyote iliyoonekana kusababisha saratani kwa binadamu au mnyama, bila kujali kiasi. Panya dume waliolishwa rangi hiyo kwa wingi walipata uvimbe katika tezi dundumio, iliyo shingoni. FDA yenyewe ilieleza kwamba njia ya kihomoni iliyoleta uvimbe huo kwa panya haitokei kwa binadamu, lakini sheria haikuiachia nafasi ya kupima hoja hiyo. La ajabu ni kwamba rangi hiyo ilipigwa marufuku katika vipodozi tangu mwaka 1990, ilhali kwenye chakula iliendelea kuruhusiwa kwa takriban miaka 35.

Ulaya ilifuata njia nyingine. Baada ya utafiti wa Chuo Kikuu cha Southampton wa mwaka 2007, uliohusisha mchanganyiko wa rangi na kihifadhi cha chakula na utukutu wa watoto, Umoja wa Ulaya haukupiga marufuku. Tangu Julai 2010 unalazimisha vyakula vyenye rangi sita zilizotajwa kubeba onyo kuhusu utendaji na usikivu wa watoto.

Suala tofauti ni rangi zisizoruhusiwa kabisa katika chakula, kama Sudan I ya viwandani. Mwaka 2005 Uingereza iliondoa sokoni mamia ya bidhaa baada ya rangi hiyo kugunduliwa katika pilipili ya unga.

Nchini Tanzania, udhibiti wa usalama wa chakula uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS) tangu mwaka 2019. Katika orodha ya viambato, rangi sita zinazobeba onyo Ulaya hutambulika kwa namba 102, 104, 110, 122, 124 na 129. Erithrosini ni 127.