Garasa
Kwenye karata, garasa ni ile isiyo na thamani. Mashabiki wa Simba na Yanga wamelihamishia neno hili kwenye usajili: mchezaji mpya akipoteza pasi mbili tu, tayari ni garasa. Neno ni tamu, ila hukumu yake huja mapema mno. Mfano, mwaka 2000, timu za NFL, ligi ya futiboli ya Kimarekani, zilipogawana wachezaji chipukizi, Tom Brady alirukwa raundi baada ya raundi. New England Patriots wakamchukua raundi ya sita, akiwa wa 199. Alistaafu na mataji 7 ya Super Bowl, fainali ya ligi hiyo. Thamani ya karata imeshapangwa. Ya mchezaji hujengwa mazoezini. Tumpe mgeni walau msimu mzima kabla ya kumbandika jina hilo.