Kaseti za zamani za televisheni: kwa nini Katanga isizitupe

Televisheni ya taifa ilianza kuonyesha picha mjini Kinshasa mwezi wa Novemba 1966. Ilipofika Katanga, wakaaji wa Lubumbashi, Likasi na miji mingine ya migodi waliipenda hasa kwa sababu ya tiyatre. Hapo ndipo watu walipowaona kwa macho waigizaji wa kundi la Mufwankolo, ambao sauti zao walikuwa wanazijua tayari kwa radio. Kundi hilo lilicheza mambo ya kila siku, kama bwana na bibi, deni, ulevi, wakubwa na wadogo kazini, na lilicheza kwa Kiswahili kile kile kinachosemwa sokoni na kwenye kambi za wafanyakazi.

Waigizaji hao hawakuwa na kitabu cha maneno ya kukariri. Walipatana juu ya hadithi, wakagawana nafasi, kisha kila mmoja akatafuta maneno yake wakati wa kucheza. Maana yake ni kwamba mchezo ambao haukunaswa na mashini haukuacha hata karatasi. Mwaka 1986 Johannes Fabian, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Amsterdam, alikuwa Lubumbashi wakati kundi hilo lilipokuwa linatayarisha mchezo uitwao « Le pouvoir se mange entier », yaani madaraka huliwa mazima, hayagawanywi. Alinasa sauti za mazoezi, akaandika maneno yote, na mwaka 1990 kitabu chake kikatoka Marekani. Leo mtu anaweza kusoma walivyosema. Amekipata kwa sababu siku ile mtu mmoja alikuwa na kinasa sauti.

Michezo mingine iko wapi? Ulimwenguni kote, vituo vya televisheni vya zamani vilikuwa na desturi ya kufuta. Kanda ya kunasia picha ilikuwa na bei kali, basi kipindi kikiisha kuonyeshwa, kanda yake ilitumiwa tena kwa kipindi kingine. Hata BBC ya Uingereza, pamoja na mali yake yote, ilifuta au kutupa vipindi vingi vya miaka ya 1960, vikiwemo vya hadithi ya Doctor Who. Sauti za vipindi vya Doctor Who vilivyopotea zipo zote mpaka leo, kwa kuwa watazamaji walikuwa wamezinasa nyumbani kwao. Huko Philadelphia, Marekani, bibi mmoja aitwaye Marion Stokes alinasa habari za televisheni usiku na mchana kwa zaidi ya miaka 30, mpaka alipokufa mwaka 2012. Aliacha kaseti zipatazo 70,000. Watu wa kawaida waliweka kile ambacho wenye vituo hawakukiweka.

Katanga pia ilikuwa na watu wa namna hiyo. Kaseti ya VHS ilitolewa Japani na kampuni ya JVC mwaka 1976, na baadaye ikaingia katika nyumba za waliokuwa na uwezo. Walinasa mchezo wa Jumapili, hotuba, mpira, nyimbo. Kaseti hizo sasa ziko chini ya vitanda na juu ya makabati, zimejaa vumbi.

Kasumbalesa ina jambo lake la pekee. Upande huu wa mpaka, televisheni ya Zaire ilifuata njia ya rangi ya Wafaransa, SECAM, iliyobuniwa na Henri de France. Upande wa Zambia walifuata PAL ya Wajerumani, iliyobuniwa na Walter Bruch. Njia zote mbili zina mistari 625 na picha 25 kwa kila sekunde, ila zinabeba rangi kwa namna tofauti. Kwa hiyo kaseti iliyonaswa Lubumbashi, ukiitia katika mashini inayojua PAL peke yake, mara nyingi inatoa picha nyeusi na nyeupe. Mwenyewe akiona hivyo anafikiri kaseti imeoza, anaitupa. Kumbe rangi ipo ndani, mashini tu ndiyo haiijui. Kabla ya kuhukumu kaseti ya Katanga, inafaa kutafuta mashini inayosoma njia zote mbili, na kifaa cha kuunganisha na kompyuta ambacho kinaitambua SECAM. Vifaa vingi vya bei ndogo haviitambui.

Haraka inahitajika, maana mashini zenyewe zinakwisha. Funai ya Japani, kiwanda cha mwisho kilichojulikana kutengeneza mashini za VHS, iliacha kazi hiyo Julai 2016. Mwaka 2019, mpango mmoja wa UNESCO pamoja na IASA, chama cha ulimwengu cha watunza sauti na picha, walitoa onyo kwamba baada ya 2025 itakuwa shida kubwa kupata mashini, vipuri na mafundi wa kusoma kanda hizi.

Wengine wanaweka simu mbele ya televisheni na kupiga video. Hiyo inaokoa kidogo, lakini picha inapepesa, mwanga wa chumba unaingia, na sauti inachanganyika na kelele za watoto. Kazi nzuri inaanza na kuichagua kaseti. Kila mara kaseti ilipokopiwa kwa kaseti nyingine, ubora ulipungua, basi atafutwe mwenye ile ya kwanza. Ikiwa na ukungu mweupe, isichezwe mpaka isafishwe. Ikiwa safi, ipelekwe mpaka mwisho na kurudishwa, ili utepe ukae sawa. Vichwa vya mashini vipanguswe. Kama mashini na kifaa vina tundu la S-Video, litumiwe hilo badala ya waya wa njano, kwa sababu linatenga mwanga na rangi.

Kwenye kompyuta, picha ipokelewe kwa ukubwa wake wa asili, 720 kwa 576, bila kuikaza sana. Kwa mtindo wa DV, saa moja inakula gigabaiti 13 hivi. Kuikuza zaidi wakati wa kunasa hakuongezi kitu, kwa kuwa VHS haina habari nyingi kuliko hiyo. Halafu kila picha ya televisheni ya zamani imefanywa kwa nusu mbili zinazofuatana, ndiyo maana mtu anayetembea anaweza kuonekana na meno kama ya kitana kandokando. Nakala ya kuweka iachwe hivyo ilivyo. Kusawazisha na kukaza kwa ajili ya WhatsApp kufanywe kwenye nakala ya pili. Na kwa sababu umeme unakatika, kompyuta na mashini vitegemee betri, ili utepe usikwame ndani.

Kazi hii inawahusu hasa waliohamishwa. Mwaka 1992 na 1993, familia nyingi zenye asili ya Kasai zilifukuzwa Katanga, zikalala kwenye stesheni za Likasi na Kolwezi zikingoja treni. Desemba 2000, vita vilipofika Pweto, maelfu ya watu walikimbilia Zambia. Anayekimbia anabeba mtoto na sufuria, habebi kaseti. Basi inawezekana kaseti yenye sura ya baba au sauti ya jirani wa zamani iko leo katika nyumba ya mtu mwingine kabisa, na mwenye nyumba hajui inamhusu nani.

Kwa hiyo mwenye kaseti ya zamani asifute wala asiuze kwa bei ya plastiki. Aandike juu yake mwaka, kipindi na majina anayoyakumbuka, maana picha bila majina ni nusu ya habari. Inaponaswa, ziwekwe nakala tatu, moja ikae mji mwingine. Wazee waliocheza na waliotazama wangali na majina hayo kichwani, na wao pia hawatangoja.