Visikizi vipya vikikatakata: pima kabla ya kurudi dukani

Sisi watu wa pwani tunaofanya kazi huku Kakamega twategemea simu kuwasikia wazee walioko Mombasa na Lamu. Visikizi visivyo na waya vimeingia kila mfuko, na swali ninaloulizwa sana ni hili: mbona vyangu ni vipya na vinakatika kila mara? Anayeuliza huwa ashatoa pesa zake, na muuzaji amempa siku chache tu za kurudisha. Siku hizo zisiishe kwa kubahatisha.

Ila huwa mahali pamoja kati ya patatu: kwenye visikizi, kwenye simu, au hewani baina yao. Fuata mpango huu.

1. Sikiliza vinakatika vipi. Sauti ikizimika na simu bado inaonyesha vimeunganishwa, shuku programu ya muziki au ya kupiga simu. Simu nyingi za Android huzima programu ili kuokoa chaji. Zima Kiokoa Betri, kisha ujaribu tena. Muunganisho wenyewe ukivunjika, endelea na hatua ya pili.

2. Tazama chaji. Visikizi vingine huja na karatasi nyembamba ya plastiki juu ya vidoto vya kuchajia; isipobanduliwa, havichaji. Futa vidoto hivyo kwa kitambaa kikavu, khasa msimu huu wa mvua na jasho. Chaji kisanduku mpaka kijae, na uhakikishe vyote viwili vinawaka taa.

3. Oanisha upya. Kwenye mipangilio ya Bluetooth chagua kusahau kifaa, zima simu na uiwashe, halafu uoanishe tena. Vilevile zima Bluetooth ya kompyuta au simu ya mtoto iliyowahi kuunganishwa navyo, kwani huweza kuvivuta bila wewe kujua.

4. Pima hewa. Bluetooth hutumia mawimbi ya gigahezi 2.4, ambayo pia hutumiwa na waifai nyingi na jiko la maikrowevu. Huruka kutoka chaneli moja hadi nyingine ili kukwepa msongamano, lakini palipojaa mawimbi hushindwa. Tena mwili wetu una maji mengi, na maji hunyonya mawimbi hayo. Simu iliyo mfuko wa nyuma yaweza kukatika, na ukiihamishia mfuko wa kifuani ikatulia. Visikizi vya kawaida hufika kama mita 10 mahali peupe, kuta hupunguza. Basi nenda uwanjani, mbali na stendi na maduka, simu ukiwa nayo mkononi. Vikitulia hapo, visikizi ni vizima.

5. Badilisha simu. Hiki ndicho kipimo kikubwa. Viunganishe na simu ya jamaa yako kwa nusu saa, mahali pale pale peupe. Vikikatika na huko, kasoro ni ya visikizi. Vikitulia, tatizo ni simu yako: tafuta sasisho la mfumo wake kabla ya kumlaumu muuzaji.

Ikithibitika visikizi ni vibovu, vifunge kwenye boksi lake na risiti, na umwonyeshe muuzaji video fupi ya vinavyokatika kwenye simu mbili. Hoja hiyo ni nzito kuliko kelele.

Usitishwe na maandishi ya risiti kwamba bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 31, inamtaka mfanyabiashara auze kitu chenye ubora unaokubalika sokoni, na Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 haikubali haki hiyo ifutwe kwa sharti la muuzaji. Kasoro inayojitokeza baada ya saa moja ya matumizi si kitu ambacho ungeiona ukiwa umesimama dukani. Na kwetu Waislamu si jambo geni: fiqhi ya biashara inampa mnunuzi khiyari ya kurudisha kitu alichokikuta na aibu iliyofichika.

Lakini haki hiyo ina upande wa pili. Ukimrudishia mtu kitu kizima kwa sababu simu yako ndiyo mbovu, hasara yake umemtwika bure. Kwa hivyo pima kwanza, halafu uende dukani ukiwa na hakika.