Bure Inaanzia Darasa la Kwanza

Wazazi wengi hapa kambini wanaamini pesa ya nasari ni ujanja wa mwalimu fulani au wa mwenye kituo fulani. Wakati mwingine ni kweli, na nitafika huko. Lakini nimekuwa nikisoma na kuuliza wazee, na nimeona jambo hili ni kubwa kuliko mwalimu mmoja, tena ni la zamani kuliko kambi yenyewe. Nchi hizi tulizokimbilia, na hata ile tuliyotoka, ziliposema elimu ni bure, karibu zote zilianza kuhesabu kwenye darasa la kwanza. Mtoto wa miaka minne akabaki nje ya hesabu, na aliyebaki naye ni mama yake.

Mimi kazi yangu ni vijana, si watoto wadogo. Kwenye habari ya nasari nimeingia kwa mlango wa nyuma. Ukimuuliza msichana wa miaka 13 kwa nini haji shule, si kila mara ni mimba au ndoa kama ripoti zinavyopenda kusema. Wengi ninaoongea nao wamebeba mtoto wa mama yao mgongoni. Mama ameenda kufua nguo za watu au yuko kwenye foleni ya resheni, nasari inataka pesa, basi dada mkubwa anakuwa nasari.

Sasa historia. Hapa Kenya inaanzia mahali ambapo mkimbizi yeyote atapatambua mara moja. Miaka ya 1940 nasari zilikuwepo kwa watoto wa Wazungu na wa Wahindi. Kwa watoto Waafrika, nyingi za kwanza zilikuja miaka ya 1950, wakati wa vita vya Mau Mau. Kuanzia 1954 serikali ya kikoloni ilihamisha watu zaidi ya milioni moja huko Kenya ya Kati na kuwarundika katika vijiji vyenye mitaro na seng'enge, kutoka na kuingia kwa ruhusa. Wanawake walitolewa kila siku kufanya kazi ya lazima. Watoto wao wakawekwa pamoja wakaangaliwa na mtu mmoja au wawili. Mashamba makubwa ya chai na kahawa nayo yalifanya hivyo hivyo. Lengo halikuwa kumfundisha mtoto a-e-i-o-u. Lengo lilikuwa mikono ya mama iwe wazi kwa kazi ya mtu mwingine. Ninawaomba mshike hapo, kwa sababu mpaka leo tunazungumza juu ya nasari kana kwamba ni habari ya mtoto peke yake.

Uhuru ulipokuja 1963, Mzee Kenyatta akatoa mwito wa Harambee. Watu wakajenga. Kanisa likatoa ukumbi, mzee akatoa kipande cha shamba, kina mama wakaleta maji na kuni za kupikia uji. Nasari za Kenya zilisambaa hivyo, kwa jasho la wazazi, na ni jambo la kujivunia kabisa. Ila kuna kitu kilijificha ndani yake. Tume ya Huduma kwa Walimu, TSC, iliyoundwa 1967, iliajiri walimu wa msingi na sekondari. Mwalimu wa nasari aliachiwa wazazi. Mwezi ambao wazazi walikosa, na yeye alikosa. Mwaka 1980 nasari zilihamishiwa Wizara ya Elimu, na 1984 kikaundwa kituo cha taifa cha kufundisha walimu na kutengeneza mtaala wake. Kwa hiyo serikali ikatoa mafunzo, ikatoa mtaala, ikatoa wakaguzi. Mshahara ukabaki mfukoni mwa mzazi.

Halafu ikaja Januari 2003. Serikali mpya ya Mwai Kibaki ikafuta karo ya shule za msingi, na wanafunzi wakaongezeka kutoka kama milioni 5.9 hadi milioni 7.2 kwa mwaka mmoja tu. Wote tunasikia habari ya yule mzee Kimani Maruge aliyeingia darasa la kwanza mwaka uliofuata akiwa na miaka 84. Kinachosemwa kidogo ni yaliyopata nasari. Wazazi maskini walipiga hesabu: msingi ni bure, nasari ni pesa, basi kwa nini nilipe? Wakawaweka watoto nyumbani mpaka wafike umri wa darasa la kwanza, au wakawapeleka darasa la kwanza wakiwa wadogo mno. Wengine walikataa kulipa kwa kuwa walisikia kwenye redio kwamba serikali imesema bure. Nasari zikapungukiwa watoto, na kwa kuwa mwalimu alikula kutokana na watoto, walimu wakaacha kazi. Mimi siwalaumu wale wazazi. Walisoma bei vizuri kuliko waliopanga sera.

Katiba ya 2010 ilijaribu kunyoosha mambo. Kifungu cha 53 kinampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima, na Jedwali la Nne likapeleka elimu ya chekechea na vituo vya kulelea watoto kwa serikali za kaunti. Kisha ikaja Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, ambayo ndani yake imeweka na chekechea. Naomba tuisome polepole, kwa sababu wengi wetu tunaisikia tu.

Sheria hiyo inasema shule ya umma isitoze karo ya masomo. Michango mingine inawezekana kwa idhini ya Waziri baada ya kushauriana na bodi ya elimu ya kaunti, lakini hakuna mtoto wa kukatazwa shule kwa sababu hajalipa mchango huo. Anayekusanya pesa lazima atoe risiti rasmi. Na mtoto asifanyiwe mtihani ili akubaliwe kuingia shule ya umma, isipokuwa ni wa kujua aketi darasa gani. Hii ya mwisho ni muhimu, kwa sababu kuna wazazi wanaoambiwa kwamba bila cheti cha nasari mtoto hataingia gredi ya kwanza, na kwa woga huo wanauza mahindi ya resheni.

Lakini katika sehemu hiyo hiyo ya sheria kuna mstari mfupi ambao sijasikia ukisomwa kwenye mkutano wowote wa wazazi: mtu asiye raia wa Kenya anaweza kutozwa karo ya masomo.

Sisi ndio wasio raia. Kinachotulinda hapo ni Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, ambao Kenya iliuingia 1966. Kifungu cha 22 kinasema katika elimu ya msingi mkimbizi atendewe sawa na mwenyeji. Sawa, siyo karibu na sawa. Kwa elimu nyingine, kifungu kinalegea: mkimbizi atendewe vizuri kadiri inavyowezekana, na asipungukie anavyotendewa mgeni mwingine yeyote, hata katika kusamehewa karo. Waandishi wa mkataba ule walikuwa wanafikiria juu, sekondari na chuo. Sidhani walimfikiria mtoto wa miaka minne. Basi mtoto huyu ameangukia katikati: kwa sheria ya Kenya nasari iko ndani ya elimu ya msingi, na kwa mkataba wa zamani si wazi kama imo au haimo. Nimeuliza watu wa mashirika wawili kuhusu hilo. Mmoja alisema imo, mwingine akasema ni swali zuri.

Kwa majirani hali ni tofauti, na inafaa tuijue kwa sababu ndugu zetu wako huko. Uganda ilifuta karo ya msingi 1997, ikianza na watoto wanne kwa kila familia. Nasari haikuguswa. Sheria yao ya Elimu ya 2008 haizunguki: gharama ya elimu ya kabla ya msingi ni jukumu la mzazi au mlezi, na wanaoiendesha ni watu na mashirika binafsi. Kwa hiyo ndugu yako aliyeko Nakivale, nasari yake ikiwa ya mradi, mradi ukiisha hana mlango wa serikali wa kugonga. Tanzania imekwenda mbali zaidi ya wote. Kuanzia Januari 2016 elimu bila ada ilihesabiwa kutoka darasa la awali, na Januari 2018 Rais Magufuli akapiga marufuku michango mashuleni kwa hasira ambayo walimu wakuu hawataisahau. Ila Wakongo na Warundi wa Nyarugusu wamekuwa wakisoma mtaala wa nyumbani, katika shule zinazoendeshwa na mashirika, kwa hiyo bure ile ya Tanzania inafika hadi geti la kambi na kusimama.

Na sisi Wakongo tuna mzigo wetu. Mwaka 1992 walimu wa Zaire waligoma kwa kukosa mishahara, na ili shule zisife wazazi wakakubali kuwalipa wenyewe, kwa muda. Muda huo ulidumu zaidi ya miaka 25. Bure ya shule za msingi za serikali ilirudi Septemba 2019 tu. Mama na baba zetu wamekulia katika hali ambapo mwalimu akisema leteni, unaleta, na kuuliza ni utovu wa heshima. Ndiyo maana kwenye mikutano ya wazazi Mkongo hulipa akinyamaza na kulalamika akifika bombani.

Wengine wanafikiri ukipata safari ya kwenda ng'ambo haya yanaisha. Kule England mtoto wa miaka mitatu au minne ana saa 15 za bure kwa wiki tangu 2010, na wazazi wanaofanya kazi waliongezewa hadi 30 mwaka 2017. Serikali inailipa nasari kwa saa hizo, na malipo ya chakula au nepi yanatakiwa yawe ya hiari. Lakini kwa miaka mingi wazazi wa huko wamelalamika kwamba hiyo hiari inageuka lazima: usipolipia chakula cha mchana, nafasi hakuna. Kumbe neno bure linahitaji mlinzi hata penye pesa.

Nirudi hapa kwetu. Kuna nasari za mashirika, ambako mwalimu ni mkimbizi mwenzetu anayepewa posho ndogo badala ya mshahara, na kuna vituo vya watu binafsi au vya makanisa. Hivi vya pili haviongozwi na kanuni ya karo ya shule za umma. Wana haki ya kuweka bei na wewe una haki ya kuikataa. Shida ni zile za kwanza zinapoanza kudai pesa "ya uji" au "ya mlinzi" na kumrudisha mtoto nyumbani. Tangu msaada upunguzwe 2025 jambo hili limezidi. Sitaki kumfanya mwalimu adui. Yeye naye ana watoto, na chungu kimoja cha uji kwa watoto mia si mchezo. Lakini pesa isiyoandikwa popote haiwezi kuitwa mchango.

Kwa nyinyi wa mashirika: Mpango wa Shirika ulizinduliwa Machi 2025, na unasema huduma za kambi zitaungana na za kaunti. Kwenye mikutano tumeambiwa habari za hospitali, maji na biashara. Mtuambie pia siku nasari itakapokabidhiwa kaunti ni nani atamlipa mwalimu, na ule mstari wa wasio raia utasomwaje siku hiyo.

Katika bloku yetu kina mama wa kituo kimoja waliomba kitu kidogo, kwamba kila pesa iandikwe kwenye daftari ambalo mzazi yeyote anaweza kulifungua, na mtoto asirudishwe. Mabishano yalichukua wiki tatu. Daftari lipo sasa, na pesa imeshuka, maana ilionekana mlinzi alikuwa analipwa na shirika tayari. Mama mmoja, ambaye bado hawezi hata hiyo iliyoshuka, amekubaliwa kupika uji siku tatu badala ya kulipa. Mtoto wake hupokelewa siku hizo tatu. Binti yake mkubwa, wa gredi ya sita, huja shule Jumatatu hadi Jumatano. Alhamisi na Ijumaa bado anabaki na mdogo wake, na kamati imeahidi kulizungumza tena muhula ukifunguliwa.